Daftari la Vilevile

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Tsena Byalkova ni kidole. Kifundo cha kidole chake cha kati, mkono wa kulia, kimeota sugu ya rangi ya ganda la kitunguu, na wageni hudhani imeletwa na kalamu, kwa kuwa kazi yake ni kuandika. Sivyo. Sugu hiyo imetokana na kugonga mbao. Mtu akisema mbele yake kwamba mwaka huu nyanya zimestawi, Tsena hugonga meza mara tatu kwa upande wa chini, pale ambapo mbao haikupakwa rangi. Akisikia kwamba mjukuu wa fulani amenenepa, hugonga. Na kwa safari za mahali pasipo na mbao, kama vile benki, ana kipande cha ubao mfukoni mwa koti.

Katika mji wa Krusharevo, wenye watu elfu mbili na kidogo, si mbali na mto Danube, hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Kila mtu hugonga. Jambo jema likitajwa waziwazi, jicho la husuda hulisikia na kuja kulichukua. Hayo hufundishwa kabla ya kuhesabu. Tsena alizidisha kidogo tu, kama mpishi mwingine anavyozidisha pilipili.

Duka lake la steshenari linatazamana na duka la mikate. Juu ya mlango pameandikwa: Fotokopi, Picha za Pasipoti, Tanzia. Fotokopi huhitajika mara mojamoja. Pasipoti walikwisha kuzichukua wale waliotaka kuondoka. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita Tsena ameishi kwa tanzia. Mtu akifa Krusharevo, picha yake na maneno machache hubandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi, na kwenye mti mkubwa mbele ya posta. Akitimiza siku arobaini hubandikwa tena. Miezi sita, tena. Mwaka, tena. Wapo watu ambao mji uliwaona zaidi baada ya kufa kuliko walipokuwa hai.

Maneno yote hayo huyatunga Tsena mwenyewe, na watu huja kutoka vijiji vya jirani kwa ajili yake. Anajua tofauti kati ya aliyeugua kwa muda mrefu na aliyeugua kwa uvumilivu. Anajua aliyezimika, aliyedhoofu siku hadi siku, aliyekatishwa ghafla, na yule ambaye nguvu zilimuaga kiungo kimoja kimoja. Katika safari ya kushuka anakijua kila kituo. Katika safari ya kupanda hakujua hata mahali pa kukatia tiketi. Wala hakulaumiwa. Hakuna mtu aliyewahi kuingia dukani akasema, "Shangazi Tsena, nichapie karatasi arobaini, mjomba wangu amepona."

Sababu ya kugonga alikuwa nayo tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake aliugua kifua majira yote ya baridi. Machi akaanza kula. Jirani mmoja, mwanamke mwenye moyo mweupe kabisa, akasimama getini akasema, "Tazameni mashavu yake yalivyorudi." Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi walimzika. Daktari alieleza habari za mapafu, na familia ikamsikiliza kwa adabu.

Mume wa Tsena ni Rangel. Kwa miaka arobaini alipogoa mizabibu, yake na ya watu, na kila mwaka mwezi wa pili, kazi ya kupogoa ikianza, alizunguka mjini na mkasi mfukoni akitoa hukumu juu ya mikono ya wenzake. Alikuwa na mdomo. Aliyekejeliwa na Rangel alikuwa na cha kusimulia mpaka Pasaka.

Oktoba iliyopita Rangel alisimama kando ya kinu cha kukamulia zabibu katika ua wa jirani yao Vitan, mkuu wa stesheni mstaafu wa stesheni ambayo treni hazisimami tena. Akaonja, akafuta masharubu, akasema, "Vitan, divai yako ya mwaka huu ingefaa sana kwa..." Akanyamaza. Vitan alingoja mwisho wa sentensi, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari. Mwisho haukuja. Rangel alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, na upande wake wote wa kulia ukawa umeondoka.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa mpaka Desemba. Januari akapelekwa wiki tatu kwenye kituo cha tiba ya viungo, mwendo wa saa tatu kwa basi kuelekea milimani, ambako maji hutoka ardhini yakiwa ya moto. Alirudi akiweza kusimama, lakini ulimi ulikuwa kimya na mkono wa kulia umejikunja kifuani kama mtoto aliyelala.

Siku ya kuondoka, mtaalamu wa viungo, msichana mwenye haraka aitwaye Desimira, alimpa Tsena daftari la buluu.

"Shangazi, kila siku utaandika kilichobadilika. Mei kuna awamu ya pili. Hiyo ndiyo ya mkono na ulimi, na kwa mzee ndiyo muhimu. Ila nafasi ni tano tu, na kamati huwapa wale wanaopata nafuu."

Tsena akagonga benchi walilokalia.

"Umenisikia, shangazi?"

"Nimesikia. Usilirudie."

Siku ya kwanza nyumbani, kabla ya chakula cha jioni, alifungua daftari akaandika: Vilevile. Siku ya pili akaandika: Vilevile.

Siku ya tisa Rangel alishika kijiko kwa mkono wa kushoto na supu ikafika. Tsena akaandika: Vilevile. Siku ya ishirini na mbili vidole viwili vya mkono wa kulia vilicheza, kwanza kidogo, kisha waziwazi, kama vinaita mhudumu wa mkahawa. Vilevile.

Siku ya thelathini na moja walikuwa wakila supu ya maharage. Rangel alionja, akakunja uso, akasema, "Chumvi."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Oktoba. Tsena akaweka kijiko chini, akaenda kuleta chumvi. Njiani aligonga fremu ya mlango, akatoka uani akagonga banda la kuni, akagonga ngazi, akarudi na kikopo mkononi.

"Kidogo," akasema Rangel, na hilo likawa la pili.

Jioni hiyo daftari lilisema: Vilevile kabisa.

Siku Rangel alipotembea peke yake mpaka getini na kurudi, liliandikwa: Hakuna jipya. Mtu yeyote wa Krusharevo angesoma ukurasa huo, angewasha jiko na kuoka banitsa ya jibini ya kusherehekea. Lakini daftari halikusomwa Krusharevo. Baada ya siku sabini na tisa Tsena alilitia kwenye bahasha, akalituma kwa posta kama alivyoagizwa, na katikati ya Aprili jibu likaja.

Kamati ilimshukuru kwa uaminifu wake. Kutokana na maelezo ya mhudumu, iliona kwamba hali ya mgonjwa haikubadilika katika kipindi chote, na kwa hiyo nafasi angepewa mwingine. Asiyeridhika angeweza kukata rufaa ndani ya siku kumi, kwa fomu iliyoambatanishwa, pamoja na taarifa mbili za mashahidi wasio ndugu.

Tsena alisoma barua akiwa amesimama. Kisha akapiga simu.

"Shangazi Tsena," akasema Desimira, "kweli mzee hasogei?"

"Nani kasema hasogei?"

"Wewe. Mara sabini na tisa."

Tsena akatazama dirishani. Rangel alikuwa uani bila fimbo, akimtukana paka kwa neno moja lakini kwa sauti tofauti tofauti. "Mimi niliandika tu lisije likasikika."

"Lisije likasikiwa na nani?"

"Wewe kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Plovdiv, jijini."

"Aha."

"Shangazi, hao wanakamati ni watu wa mijini. Wakisoma vilevile wanaelewa vilevile. Kuna watu kumi na wanne kwenye orodha. Andika upya. Andika anapata nafuu, eleza inavyoonekana, uwe na mashahidi. Mkono ule ukikaa mpaka vuli bila tiba, hautafunguka tena. Nakwambia kama ningemwambia mama yangu."

Tsena akaweka simu chini. Mkono ule ndio uliokuwa ukishika mkasi.

Siku iliyofuata akakaa mbele ya kompyuta dukani. Ilipofunguka, ukurasa ulikuja tayari na mpaka wake mweusi, kwa kuwa mashine ilikwisha kuzoea. Akaufuta mpaka. Akaandika jina la Rangel kwa herufi kubwa katikati, akaona ni kubwa mno, akazipunguza. Kisha maneno yakaanza kuja yenyewe, na saa sita mchana alifunga duka akampelekea Rangel karatasi kwenye benchi lake uani.

Rangel alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

*Rangel Byalkov, mume mwaminifu na mpogoaji hodari, baada ya kuugua kwa muda mrefu na kwa uvumilivu mkubwa, akiwa amezungukwa na wapendwa wake, siku ya Jumatano alikula mwenyewe.*

Akaisoma tena. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mazishi," akasema, "saa ngapi?"

"Nyamaza."

"Picha. Ipi?"

"Nimekwambia nyamaza, Rangel. Nimejaribu. Sina maneno yake, unataka niyatoe wapi?" Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, na alipokuwa akiikunja akatambua kwamba mume wake amemkejeli kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Akagonga benchi. "Nitaanza na mashahidi," akasema.

Shahidi wa kwanza alikuwa dhahiri. Lozana mwoka mikate alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na kwa wiki tatu Rangel alikuwa akienda dukani kwake kila asubuhi kwa miguu yake.

"Lozana, nataka uniandikie kwamba Rangel..."

"Kwamba Rangel nini?" Lozana alikuwa na unga mpaka viwikoni.

"Unajua nini."

"Sijui."

"Unamwona kila asubuhi. Anavuka barabara, anaomba mkate, anaondoka nao."

Lozana akagonga ubao wa kukandia mara tatu, unga ukaruka. "Mimi sijaona mtu. Yupo vilevile, maskini. Tena amekonda."

"Mwenzangu, ni kwa ajili ya kamati."

"Kamati ndiyo itakayomzika? Tutamzika sisi. Mimi nimpende mtu, halafu nimwandikie jambo kama hilo, na sahihi yangu, na tarehe? Kwa nini nisimsukume kisimani tu?"

"Basi nifanye nini?"

"Tafuta mtu asiyempenda," akasema Lozana, akarudia unga wake.

Tsena aliona ushauri huo una akili. Akavuka barabara kwenda kwa Vitan, ambaye Rangel alimkejeli kwa miaka thelathini bila likizo.

Vitan alikuwa kwenye mizabibu yake akifunga matawi kwa kamba. Alikuwa amevaa kofia yake ya stesheni, kwa ajili ya jua. Tsena akamweleza haja yake, na Vitan akavua kofia kwa huzuni.

"Jirani, unaniomba jambo zito. Rangel ni mtu mgumu, lakini sijafikia hapo. Mtu yupo vilevile, maskini, tumwache..."

Sauti ikatoka barabarani, ng'ambo ya ukuta, polepole, ikipumzika baada ya kila neno kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Vitan. Huo mzabibu umeukata kwa meno?"

Vitan akavaa kofia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Umemsikia? Umemsikia huyo? Wiki ya tatu sasa. Alianza na neno moja, nikasema maskini, mgonjwa, acha aseme. Wiki iliyopita maneno matatu. Leo sita, nimeyahesabu. Na Jumamosi kavuka barabara bila fimbo, kaingia kwangu bila hodi, kachukua mkasi wangu kwenye ndoo, kwa mkono huo huo wa kulia mnaosema umekufa, kautia vidole viwili, kanikatia tawi. Tawi langu zuri. Mimi nalalamika wapi, jirani? Niambie. Kuna ofisi ya kumlalamikia mtu huyu?"

Tsena alikuwa amesimama na kipande chake cha ubao mkononi. Hakukigonga. Hapakuwa na haja. Hakuna jambo jema lililotajwa; mtu alikuwa akilalamika tu, na husuda haina shida na malalamiko.

"Ipo," akasema. "Ofisi ipo. Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo hayo. Jina, siku, saa, alichofanya. Usimsifu hata kidogo."

"Nimsifu?" akasema Vitan. "Mimi?"

Akaingia ndani kutafuta kalamu, akitembea kama mtu ambaye tangu Oktoba alikuwa anadai zamu yake ya kusema. Siku ya pili akaleta kurasa tatu, mwandiko ulionyooka kama reli. Tarehe kumi na tisa Aprili, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mtajwa alivuka barabara kutoka upande wa mashariki bila msaada wa mtu wala chombo. Saa nne na dakika kumi na nne alikuwa ndani ya eneo la mlalamikaji. Saa nne na dakika kumi na tisa alifunga na kufungua mkasi mara mbili, jaribio la tatu likashindikana, la nne likafanikiwa, kwa hasara ya mlalamikaji. Mlalamikaji anaomba mtajwa achukuliwe hatua.

Lozana alipoisoma, akiwa amekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, alikasirika.

"Kumbe ni kulalamika? Si ungesema. Mimi huyo mume wako anamaliza mikate yangu kwa kuiminya. Mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vyake vya kulia, kila siku anaminya kwa nguvu zaidi kuliko jana. Halafu anasema, 'Wa jana.' Mbele ya wateja. Mkate umetoka jikoni sasa hivi."

"Andika."

"Na tarehe?"

"Na tarehe, Lozana."

Habari ikaenea. Mama wa posta akalalamika kwamba Rangel amesoma kadi ya mtu mwingine kwa sauti mbele ya watu. Padri, baada ya kusita, akalalamika juu ya kicheko cha Rangel katikati ya ibada. Mpaka Jumatatu Tsena alikuwa na malalamiko kumi na moja, na kamati ilitaka mawili. Akayapanga kwa tarehe, akayatoboa, akayafunga kwa uzi. Aliyesoma kuanzia juu mpaka chini alimwona Rangel akipanda siku baada ya siku, akiacha nyuma yake watu waliokasirika.

Ilibaki fomu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mwishoni palikuwa na swali: Je, kwa maoni ya mhudumu, mgonjwa anapata nafuu? Ndiyo. Hapana. Weka alama penye jibu moja. Tsena aliitafuta nafasi ya maelezo. Haikuwapo. Palikuwa na visanduku viwili, kila kimoja kikubwa kama ukucha.

Fomu ilikaa mezani Jumatatu. Ilikaa Jumanne asubuhi. Siku ya mwisho ya posta ilikuwa Jumanne hiyo hiyo, saa kumi.

Rangel akaja, akavuta kiti kwa mkono wa kushoto, akakaa mkabala naye. Akaisoma fomu kwa kidole mpaka kwenye visanduku.

"Weka," akasema.

"Ni rahisi kwako kusema."

"Si rahisi," akasema Rangel, na ilimchukua muda kulimaliza.

Tsena akainamisha kichwa. "Niweke leo, halafu Alhamisi ikija... Nitamwambia nani? Ni mimi nitakuwa nimeandika. Kwa mkono wangu."

Rangel akafikiri. Akayakusanya maneno mdomoni kwanza, kama afanyavyo sasa, mashavu yakimcheza. "Utanichapia. Bure. Picha ya harusi. Siyo ya pasipoti."

"Mpumbavu wewe."

"Weka, Tsena."

Tsena akashika kalamu. Mkono wa kushoto ukaenda chini ya meza wenyewe, mahali pake, ukagonga, mara tatu, kisha mara tatu nyingine. Na hapo Rangel akauinua mkono wake wa kulia kutoka kifuani. Ulipanda kwa vipande, kama dirisha la zamani. Akauweka juu ya meza, akakikunja kimoja kati ya vile vidole viwili, na kwa kifundo chake akagonga mbao. Mara moja. Ilisikika.

Tsena akaweka alama penye Ndiyo. Ilipinda kidogo upande wa kulia. Akaipeleka bahasha posta kwa miguu, na mama wa posta, aliyejua kilichomo, akaigonga muhuri kwa sura ya mtu asiyejua kitu.

Alhamisi ilipofika, Tsena alifunga duka, akakaa nyumbani kutwa akimtazama. Rangel alilalamika juu ya supu. Alhamisi ikapita. Tsena hakulisema hilo kwa mtu.

Wiki ya kwanza ya Mei, Desimira akapiga simu. Nyuma yake palisikika watu wakibishana.

"Shangazi, kamati imesoma yote. Ile ya bwana wa stesheni wameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti."

"Wamesemaje?"

"Mwenyekiti anauliza kama mtu huyu ameletwa kwetu atibiwe au ashtakiwe. Nusu wanasema ana nafuu ya wazi. Nusu wanasema taarifa za mashahidi hazimo katika utaratibu, kwa sababu hakuna shahidi hata mmoja aliyesema yuko vizuri. Wote wanaomba aadhibiwe."

"Wanamtakia mema."

"Najua, shangazi. Nimewaeleza. Wamenitazama." Akavuta pumzi. "Imebaki nafasi moja, nimeishikilia mpaka Ijumaa adhuhuri. Nakuja Alhamisi, saa tano. Nikimwona ameshika kitu na kukiachia kwa mkono wa kulia, na nikamsikia anasema sentensi moja, ndefu, mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, nasaini palepale, Jumatatu yuko majini. Akikwama, sitaweza kusema uongo. Mwambie afanyie mazoezi sentensi."

Tsena akampa ujumbe. Akapendekeza: Karibu sana, habari za safari, natumaini barabara haikukusumbua. Rangel akatikisa kichwa. Akapendekeza sala fupi ambayo kila mtu anaijua. Rangel akatikisa kichwa.

"Ninayo," akasema.

"Ipi?"

"Ya Oktoba."

Tsena akavaa viatu. Kisha akavuka barabara, akasimama getini kwa Vitan.

"Anataka kumaliza ile sentensi," akamwambia. "Ile ya divai."

Vitan alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini. "Ile niliyoingoja?"

"Ile."

"Mbele ya kamati?"

"Mbele ya yule msichana."

Vitan akatazama upande wa kinu cha zabibu, kilichofunikwa turubai. "Basi atakuwa ameifikiria miezi saba," akasema. "Itakuwa mbaya."

Alhamisi ilikuwa na jua. Rangel alijinyoa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akajikata kidevuni mahali pawili. Tsena alimvalisha shati jeupe, akaangalia vifungo, akaangalia tena. Saa nne na nusu alikuwa kwenye benchi lake na mkasi wa kupogolea magotini. Lozana alikuwa amefunga duka na kubandika mlangoni kwamba yuko kwenye hesabu ya unga, na sasa alisimama kando ya ukuta na banitsa chini ya kitambaa, ya kula njiani, alisema alipoulizwa. Mama wa posta alikuwa akipita. Alikwisha kupita mara tatu.

Hakuna aliyewatakia heri. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi wake malishoni alisimama getini akauliza, "Vilevile?"

"Vilevile," akasema Tsena.

"Maskini," akasema mzee, akamfunga mbuzi kwenye nguzo, akabaki.

Vitan alikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wake, akifunga tawi alilolifunga jana. Alikuwa amevaa koti la stesheni, vifungo vyote. Akatoa saa yake mfukoni.

"Saa tano na dakika sita," akasema. "Amechelewa."

Mbwa wa darajani wakaanza kubweka, halafu wa nyumba inayofuata, halafu wa nyumba ya tatu, na kwa hilo kila mtu akajua gari lilipofika. Rangel akaukamata mkasi. Kidole kimoja cha kulia kiliingia, cha pili kikatafuta, kikaingia. Akasimama. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, ikiyapanga maneno kwenye foleni. Tsena aliupeleka mkono nyuma yake mpaka ukagusa ubao wa benchi.

Gari dogo jeupe likakata kona ya duka la mikate. Vitan akavua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa sawasawa, akasogea mpaka mahali ambapo ukuta ni mfupi na mtu husikia vizuri. Jibu lake alikuwa nalo.